Ukanda wa Kanga Mpya

Nyinyi wasichana mtakaoyasoma haya, wekeni simu chini kwanza. Nnajua mtacheka mkiona bibi kizee mzima kakaa kuandika habari za sidiria. Chekeni mmalize, halafu msome. Mimi sina elimu ya kuandika kitabu. Nimeishia darasa la sita, na nimeishia hapo kwa sababu ya sidiria. Neno hili nilikusudia kufa nalo, lakini aliyenifunga mdomo katangulia yeye, Mungu amrehemu, na mimi nshachoka kulibeba.

Mwezi uliopita nilikwenda Bwejuu kwenye hitima ya somo yangu, Bi Mwanakheri. Kwa msiojua somo ni nani: zamani mtoto wa kike akishavunja ungo, mamake hasemi naye mambo ya mwili, anaona haya. Humtafutia mwanamke mzima wa kumfunda, amfundishe usafi na kujistiri na kukaa na watu. Huyo ndiye somo, na yule mtoto ndiye mwari wake. Somo akisema jambo, mamako halitengui, na babako hata haliulizi.

Watu walipokwisha kula, mwanawe wa kike alinishika mkono akanitia chumbani, akanipa mfuko.

"Mama kausia hiki upewe wewe, Bi Zuwena. Alisema asipewe mwengine."

Ndani mlikuwa na upande mmoja wa kanga, nyekundu na nyeusi, haujapata kutiwa maji tangu kutoka dukani. Nikaupeleka puani. Juu kulikuwa na harufu ya vidonge vya nondo, lakini chini yake, miaka yote ile, bado mlikuwa na harufu ya wanga wa kanga mpya. Nikakaa kitandani kwa marehemu. Nikaukunjua. Pindo la upande mmoja halikuwapo. Lilichanwa, tena si mara moja. Ukitazama vizuri unaona pale mpasuo wa kwanza ulipoanzia, na wa pili, na wa tatu.

Mimi najua zilikokwenda kanda zile tatu.

Tulikuwa tunakaa Mkunazini, vyumba viwili juu katika nyumba kubwa, familia nne choo kimoja. Ilikuwa ile miaka ya baada ya Mapinduzi. Babangu alikuwa fundi wa baiskeli, kazi yake barazani chini, na mikono yake ikinuka gundi ya viraka hata siku ya Idi. Mtu mpole, maneno machache. Akishasema, kasema.

Nilipokuwa mdogo hasa, mama alikuwa akinichukua Mchangani kwenye duka moja lililokuwa likiuza sidiria, zimepangwa katika visanduku vya karatasi ngumu, kila kisanduku na nambari yake. Thelathini na mbili. Thelathini na nne. Thelathini na sita. Nikajua ule ni umri. Nikamtazama mama, nikaona naam, kweli, mama atakuwa na miaka thelathini na sita, basi ndiyo maana anavaa ile. Nikajiambia mimi nna safari ndefu mpaka nifike thelathini na mbili, nikatulia.

Mwili haukungoja. Na siku ilipofika, visanduku vile havikuwapo tena. Mwenye duka alishafunga mlango kaondoka, na maduka yaliyobaki yalikuwa yakiuza kile kilichopo. Mara moja tu zilikuja sidiria kwenye duka la mgao. Wanawake wakapanga foleni tangu alfajiri, kufika mbele wakakuta zote kipimo kimoja, kubwa kama vipeto vya mkate. Wakanunua vivyo hivyo, maana huachi kitu kilichokuja. Jirani yetu Bi Tatu aliikata yake akawashonea wajukuu zake kofia.

Sasa, skuli yetu ikatangaza mazoezi. Watoto wa darasa la tano na la sita, wanawake kwa wanaume, wakafanye mazoezi ya viungo uwanjani Mnazi Mmoja, kuruka na kuinama na kuzungusha maduara ya rangi, kwa ajili ya sherehe. Asiyekwenda mazoezini asije skuli. Babangu akasikiliza, akafuta mikono, akasema, "Haendi kuruka mbele za watu bila ya kitu cha kumstiri kifuani. Kama hakuna, akae nyumbani."

Hakusema kwa ubaya. Lakini nilijua maana yake. Kitu kipatikane, au skuli imekwisha. Na mimi nilikuwa naipenda skuli. Nilikuwa wa tatu katika hesabu, mwalimu alikuwa akinitoa mbele nifanye ubaoni. Nilitaka kuwa mkunga, mwenye sare nyeupe na saa ya kubandika hapa kifuani. Kila nikimwona mkunga anapita, nilikuwa naitazama ile saa.

Mama akamwita somo.

Bi Mwanakheri wakati ule alikuwa akikaa Kikwajuni. Mwanamke mrefu, mkavu, anatembea kama anamdai mtu, na watoto wa kike wa mitaa mitatu wamepita mkononi mwake. Alikuja na doti yangu ya uwari, hii nyekundu na nyeusi. Desturi yake, doti moja inagawanywa: upande mmoja wa mwari, upande mmoja wa somo. Akafunga mlango, akafunga na dirisha, akauchukua upande wake, akaung'ata ukingoni kwa meno, akauchana. Mlio wa kanga mpya ikichanwa mpaka leo unanisisimua.

"Simama wima. Vuta pumzi. Usicheke."

"Sicheki, somo."

"Unacheka. Nyanyua mikono."

Akanizungushia ule ukanda chini ya kifua, akatia fundo. Akanizungushia juu, akatia fundo la pili. Halafu akanambia, "Na wewe usijitazametazame. Kifua cha mwari kikitazamwa hukua kwa inda. Umesikia?"

"Nimesikia."

Akageuka kutafuta sabuni. Na mimi, kwa vile nimeambiwa nisijitazame, nikajitazama. Kioo cha kabati kilikuwa mbele yangu. Mara moja tu, upesi, kisha nikajifunika. Hakuniona.

Sabuni ilikuwa ya kuufulia ule ukanda. Aliutia katika bakuli akaufua mara tatu, akausuza, akaukamua mpaka mafundo yakawa kama kokwa, akautundika dirishani ukauke. Nikamuuliza ya nini, na ukanda ni mpya, haujachafuka.

"Kitu kimezunguka mwili wa mwari, sasa kinakwenda kushikwa na mwanamme. Kiende vivi hivi? Ala! Huna haya wewe?"

Na ulipokauka hakunipima nao tena. Ukishafuliwa umetoka mwilini, haurudi mwilini. Ulitiwa katika karatasi ukapelekwa kwa Mzee Haji.

Mzee Haji alikuwa mshoni, mtu wa Uroa, cherehani yake ipo barazani njia panda ya kwetu. Nguo za ndani za wanawake wa mtaa mzima alizishona yeye, na hakuna mmoja aliyepata kumnyanyulia macho. Wewe unaleta ukanda wenye mafundo na kitambaa chako, unaweka juu ya baraza, unakwenda zako. Yeye anafuata mafundo. Vitambaa navyo vilikuwa shida, kwa hivyo mama alimpelekea kanzu kuukuu ya baba, ile iliyokwisha kulainika kwa kufuliwa.

Sidiria ilikuja baada ya siku mbili. Imeshonwa vizuri, mistari ya uzi imenyooka, vishikizo vitatu mgongoni. Somo akanivisha. Ikakataa kufunga. Pamebaki nafasi ya vidole vitatu.

"Toa pumzi," akanambia.

Nikatoa.

"Toa yote."

"Imekwisha, somo."

Akavuta, mama akavuta upande wa pili, ikafunga. Nilisimama pale kama nimepigwa misumari. Somo akasema, "Ataizoea." Kesho yake kishikizo kimoja kikatoka, halafu kitambaa chenyewe kikachanika kwapani, na kanzu ya baba ikawa imekwenda.

"Mtoto anakua huyu," mama akasema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema mtoto ana homa.

Mimi nikajua kwa nini nakua. Nilijitazama kwenye kioo.

Ukanda wa pili ukachanwa. Fundo, fundo, sabuni, dirishani. Safari hii mama alitoa foronya yake ya arusi, yenye maua aliyoyatarizi mwenyewe. Alikaa nayo mapajani muda mrefu kabla hajaitoa. Ikaja sidiria, maua yamekaa ubavuni. Vidole vitatu.

Siku hiyo Bi Mwanakheri alivaa buibui lake akashuka ngazi, nasi juu dirishani tunasikia.

"Wewe Haji! Unakula vitambaa vya watu?"

"Shikamoo kwanza haipo, Bi Mwanakheri?"

"Shikamoo nikupe wewe, rika langu? Sidiria ya mtoto haifungi! Mara ya pili hii!"

"Ukanda huu hapa. Sidiria hii hapa. Pima mwenyewe, macho unayo."

Najua alipima. Akapima tena.

"Sawasawa?" Mzee Haji akauliza.

"Sawasawa," somo akajibu, sauti imeshuka. "Basi ongeza vidole vitatu."

"Nani, mimi? Niongeze kwa kipimo cha nani? Nikikisia ikamkaa, watu watasema Haji kajuaje kifua cha mtoto wa watu? Kamtazama lini? Mimi nafuata ukanda, bibi. Usinitie katika maneno."

Watu wa barazani wakacheka. Somo akapanda ngazi, hakutazama mtu. Ukanda ni kweli, mshoni ni kweli, somo hakosei. Aliyebaki ni mimi. Akanitazama juu mpaka chini.

"Unajitazama wewe?"

Nikasema sijitazami. Uwongo. Na ule uwongo nao nikauongeza katika hesabu.

Tokea siku hiyo nikaacha wali wa nazi. Nikaacha mkate wa kumimina, nikawa nakunywa maji ya ndimu na kusingizia tumbo. Nikilala nilijikaza kanga kifuani kwa nguvu zangu zote, na asubuhi nilioga nimefumba macho. Nilikuwa namuomba Mungu anisamehe kile kioo. Nilikonda uso, nilikonda mikono, na kila somo akija na ukanda wake, nilijua anakuja kupima dhambi yangu imefika wapi.

Ukanda wa tatu. Sidiria ya tatu, ya mfuko wa unga uliochemshwa mpaka maandishi yakatoka. Vidole vitatu, hata vinne. Lakini kitambaa cha mfuko hakichaniki, na mazoezi yalikuwa kesho. Walinivisha watu wawili, somo ameweka goti lake mgongoni kwangu kama anayefunga mzigo wa kuni. "Ataizoea," akasema tena.

Uwanjani tulisimama mistari. Jua lile la saa nne linajulikana. Mimi nilikuwa nikivuta pumzi fupifupi kama kuku, nimeshika duara langu la kijani. Filimbi, tunainama. Filimbi, tunaruka. Nakumbuka lile duara likiondoka mkononi mwangu na kubingirika peke yake kwenye nyasi, linakwenda, nami nikaliona zuri sana. Halafu sikuona kitu.

Nilipofungua macho mwalimu wetu wa kike alikuwa amenipigia magoti, ana kata ya maji.

"Mfungueni shati apate hewa!"

Nikakishika kifua kwa mikono miwili. Alinivuta vidole kimoja kimoja, nikamng'ata. Wallahi nilimng'ata mwalimu wangu mkono. Afadhali nife kuliko akaona ile sidiria na kujua kilichonipata. Lau angeona, basi. Angeikata kwa mkasi na mambo yangekwisha pale pale kwenye nyasi. Lakini mimi mwenyewe nilimzuia.

Nyumbani nilifika nimebebwa. Na njia zetu mnazijua, nyembamba, anayebebwa haponi kuonekana. Kabla sijapanda ngazi Bi Tatu alishatoka mlangoni.

"Kazimia? Na kula siku hizi hali, si nasikia? Na tumbo linamsumbua?" Akapunguza sauti, lakini si sana. "Mimi nakaa kimya. Lakini msichana haanguki bure."

Babangu alikuwa pale chini, ana gurudumu la mtu mkononi analizungusha atafute palipotoboka. Akaacha kulizungusha.

Alipanda juu baada ya sala ya alasiri. Alikosha mikono kwanza, vizuri, mpaka kwenye kucha. Hakuniuliza kitu, na mama hakumuuliza kitu. Akasema, "Skuli basi." Akateremka kwenda kumaliza gurudumu la watu.

Mimi nililia siku tatu, nikanyamaza. Somo akaivua sidiria, akaitia jikoni ikaungua. Mazoezi hayapo, sidiria ya nini tena? Nikarudi kujifunga kitambaa kama zamani. Na nikala, maana hakukuwa na cha kuchunga.

Ili nisikae bure nikapelekwa kwa mke wa Mzee Haji, Bi Asha, nijifunze kushona. Mwanamke mnene, mchangamfu, anaimba akiwa na pini mdomoni. Siku ya kwanza nikakaa mbele ya cherehani, nimeshika mkasi, kitambaa cha marekani kimetandikwa. Akanipokonya mkasi.

"We mtoto! Unakata nini?"

"Si umenambia nikate foronya?"

"Kitambaa kipya, hakijalowekwa? Kitie katika beseni kwanza. Kina wanga hiki. Kikipata maji hurudi, kinapungua urefu. Ukikipima kikavu kisha kikafuliwa, kipimo chako uwongo mtupu."

Nikamtazama.

"Na kanga?" nikauliza.

"Kanga ndiyo zaidi! Kanga mpya ukiitia maji mara ya kwanza hunywea hiyo. Mbona umekodoa macho?"

Niliomba ruhusa ya kwenda chooni nikatoka mbio mpaka nyumbani. Upande wangu wa doti ulikuwa katika sanduku. Nikachana ukanda, nikajizungushia, nikatia fundo, kama nilivyokuwa nikiona. Nikauweka juu ya ubao wa kitanda, nikatia alama kwa mkaa, huku na huku. Nikaufua mara tatu. Nikakaa chini ya dirisha nikaungoja ukauke, na Bi Asha huko ananingojea mimi. Nikaurudisha ubaoni.

Vidole vitatu.

Sikuwahi kukua usiku mmoja. Kioo hakikunifanya kitu. Nilikuwa mtoto wa kawaida, mwenye kifua cha kawaida, ninavishwa nguo ya mtu mwengine ambaye hayupo.

Jambo la kwanza nililofikiri ni rejista. Jina langu lilikuwa bado limo skuli, mwenzangu mmoja alinambia linaitwa kila asubuhi na watoto wanajibu "hayupo". Likiitwa hivyo mpaka skuli zifunge, linakatwa. Kwa hivyo muda ulikuwapo. Babangu alinitoa kwa maneno ya Bi Tatu. Akijua kwamba nilizimia kwa kubanwa, kwamba hapana jingine, atanirudisha. Lakini nani atamwambia? Mimi nimsemeshe babangu habari za kifua changu? Hata nikipigwa kwa fimbo nisingeweza. Mama naye asingeweza. Mwenye idhini ya kusema maneno yale mbele ya mwanamme alikuwa mmoja tu.

Nikenda Kikwajuni na ukanda wangu umekunjwa kiganjani. Nilimkuta Bi Mwanakheri uani anachagua mchele. Nikampigia shikamoo, akaitikia marahaba, nikakaa chini. Nikamweleza yote, wanga, na maji, na alama za mkaa. Nikamwekea ukanda juu ya mkeka. Hakuugusa. Aliendelea kuchagua mchele, chuya huku, mchele huku, mpaka nikadhani hakunisikia.

"Nani mwengine anajua?" akaniuliza.

"Hapana mtu, somo."

"Bi Asha?"

"Sikumwambia."

Akaweka sinia chini.

"Nimewafunda watoto kumi na mmoja mitaa hii," akasema. "Leo niende kwa babako nikasimame mlangoni nikamwambie nimeshindwa kupima kifua cha mtoto? Kesho watasema na mengine niliyowafunza ni uwongo. Waliokwisha kuolewa watarejeshewa maneno. Wasiokuja hawatakuja tena."

"Lakini skuli, somo. Wataniandika nimetoka."

"Kosa langu mimi. Nimekusikia, si la kwako, ni langu. Lakini halitoki katika ua huu." Akanitazama. "Wewe ni mwari wangu. Mwari hamwangushi somo yake mbele za watu. Nilikufunza hilo, au sikukufunza?"

"Umenifunza."

"Basi."

Nikambusu mkono nikaondoka. Ule ukanda niliuacha pale pale kwenye mkeka. Skuli zikafunga. Mwenzangu akanambia siku hiyo jina langu halikuitwa.

Nyinyi wa leo mtaniuliza, kwa nini hukusema? Nnawajibu: niseme kwa nani, na kwa mdomo gani? Mtoto akifundishwa kunyamaza vizuri hunyamaza hata pale anapozama. Nilijifunza kushona, nikaozwa, nikazaa watano. Kila mtu akitaka kusomewa barua ya hospitali, ya Kiingereza, humwita mjukuu, nami nikasingizia miwani yangu imevunjika. Sidiria nilizivaa nyingi, za kubana na za kupwaya. Dunia ikabadilika, zikaja Darajani za kila rangi, zimeninginia mlangoni kama samaki. Na Bi Mwanakheri akawa anakuja kwangu kila Idi, tunakula, tunacheka, anawabeba wanangu. Neno lile hakulitaja, nami sikulitaja. Aliponyanyuka kuondoka alinishika mkono zaidi kidogo kuliko inavyohitajika. Hiyo ndiyo radhi niliyoombwa. Nilikuwa naiona ndogo.

Sasa nirudi Bwejuu. Nilikuwa bado nimekaa kwenye kitanda cha marehemu, kanga mapajani, wakaingia wanawake wanne watano, wari wake wa zamani, wanatafuta pa kupumzisha miguu. Wakaanza kumsema kama wanavyosemwa maiti waliopendwa.

"Unaukumbuka ule ukanda wake mbovu?"

"Wewe! Umechakaa kama utambi! Mimi kanipimia huo huo."

"Na mimi. Nikamwambia, somo, na kanga zote hizi mpya? Akanambia mpya ni nongwa."

Wakacheka. Nikawauliza nani alikuwa wa kwanza kupimwa kwa ukanda ule. Wakaulizana. Mkubwa wao, mwanamke wa rika langu, akasema ni yeye. Akahesabu kwa vidole. Ilikuwa mwezi mmoja baada ya mimi kukaa pale uani Kikwajuni.

"Alichana kanga yake ya jikoni mbele yangu," akasema. "Nikamuuliza kwa nini hiyo. Akanitupia jicho nikanyamaza."

Kwa hivyo alijirekebisha. Kwa mwezi mmoja tu. Baada yangu hakubanwa mtoto mwengine hata mmoja. Alilijua kosa, akalitengeneza kwa wote, akamwacha mmoja. Na ule upande wa kanga hakuuvaa hata siku moja, aliuweka chini ya sanduku miaka yote ili uje kwangu. Nikakaa na hayo mawili, hili mkono huu na hili mkono huu, na mpaka nnaandika hapa sijui lipi zito. Nimechoka kupima.

Nilirudi mjini magharibi. Mlangoni nikakuta mjukuu wangu Raya, wa kidato cha kwanza, hataki kwenda skuli kesho. Kuna mpira wa pete, kasema, na yeye hachezi. Mamake akanambia ni uvivu. Mimi nikamwita, nikamtazama anavyopumua. Pumzi fupifupi.

Sidiria ile nilimnunulia mimi. Mwezi wa mfungo sita, Darajani, kwa jicho tu, na alipoijaribu akasema, "Bibi, inanibana," nikamjibu. Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia ataizoea.

Nikavua buibui. Nikatoa utepe wangu wa kupimia nguo nikaupigilia kwa msumari ukumbini, karibu na friji, pale ambapo kila mtu anapita. Kisha nikawaita wote, wanangu, wakwe zangu, wajukuu, wake kwa waume. Wakaitika naam, wakaja, wanaume wakaanza kutazama chini. Nikawaambia nyanyueni vichwa, sina siri.

"Utepe huu unakaa hapa, haufungiwi sandukuni na wala mtu asiufue. Msichana wa nyumba hii atapimwa na mamake, na akisema inanibana, aaminiwe yeye, isiaminiwe nguo. Sidiria ya Raya nimeichagua mimi na nimekosea. Kesho asubuhi nakwenda Darajani mwenyewe nimletee nyengine, na yeye akacheze mpira. Na kuanzia leo, katika nyumba yangu, mkubwa akikosea kipimo aseme nimekosea, siku ile ile, kwa sauti, na mtoto awepo asikie."